Saa 48 Baina ya Kipenga na Kipenga

Novemba 2019, pale Chamazi, Dar es Salaam, Harambee Starlets, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, walitwaa Kombe la CECAFA la wanawake, la nchi za Afrika Mashariki na Kati, kwa mechi tano: Ethiopia, Djibouti, Uganda, Burundi kwenye nusu fainali, kisha Tanzania wenyeji kwenye fainali. Walifunga magoli 24 na langoni mwao halikuingia hata moja. Magoli mawili ya Jentrix Shikangwa ya siku ile ya mwisho yanastahili kukumbukwa. Lakini sisi tunaohudumu nyuma ya timu hapa Mombasa, watu wa maji, wa barafu, wa jezi na wa bandeji, hutazama kwanza ratiba. Mechi tano ndani ya siku zisizotimia hata kumi. Baina ya mechi moja na nyingine, siku moja tu ya kupumua.

Ndivyo mashindano haya yalivyo popote yanapochezwa. Juni 2025 yaliporudi Dar es Salaam, timu zilikuwa tano, kila moja ikakutana na nyingine zote, na Tanzania ikaifunga Kenya 1-0 siku ya mwisho na kubeba kombe. Mechi nne ndani ya siku kumi. Kwenye ligi mchezaji hucheza Jumamosi, akajiuguza hadi Jumatano, akarudi mazoezini. Huku hakuna Jumatano. Misuli iliyochoka huuma zaidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu baada ya kazi, maana yake mechi inayofuata inamkuta mchezaji maumivu yakiwa kileleni. Kwa maoni yetu, timu za ukanda huu hazipishani sana kwa ufundi. Zinapishana kwa miguu ya mechi ya nne, na miguu hiyo hutengenezwa katika saa 48 ambazo hakuna kamera inayozionyesha.

Tuanze na jasho, maana Pwani ndilo linaloamua mambo. Watu wengi hudhani msichana aliyelelewa Likoni au Kisauni hahitaji kupimwa kwa sababu amezoea joto. Amezoea, naam, lakini mwili uliozoea joto hutoa jasho mapema na kwa wingi zaidi, kwa hiyo naye anahitaji maji mengi, si machache. Wanaoteremka kutoka Nairobi na nyanda za juu huhitaji siku 7 hadi 14 za mazoezi kwenye joto ndipo mwili ukubali. Ukiwaleta siku tatu kabla ya mechi ya kwanza, usiwalaumu wakianza kutembea dakika ya 60.

Kipimo chetu ni mizani ya bafuni, ile ya kawaida. Mchezaji hupimwa kabla ya kupasha mwili moto, akiwa ametoka msalani na amevaa nguo chache iwezekanavyo, kisha hupimwa tena baada ya mechi akiwa amejipangusa. Chukua beki wa kilo 55 aliyerudi na kilo 53.8, na chupa yake ya nusu lita imekwisha. Amepoteza kilo 1.2 kwenye mizani, ongeza nusu lita aliyokunywa, jasho lake ni kama lita 1.7. Hapo amevuka asilimia mbili ya uzito wake, na kuanzia hapo kasi na akili ya mchezo hushuka. Deni lake hulipwa kwa lita moja na nusu kwa kila kilo iliyopungua: kwake ni lita 1.8, anywe kidogo kidogo hadi wakati wa kulala, asiigugumie kwa mkupuo mmoja akaikojoa yote. Na mchezaji ambaye mizani inaonyesha amepanda asiongezewe maji. Maji matupu mengi kupita kiasi huzimua chumvi ya damu, na hilo nalo hulaza mtu.

Mchanganyiko tunaoutumia ni ule ule wa kutibu anayeharisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimefutwa juu kwa kisu visiwe na kilima. Kwa mtungi wa lita 20 ni sukari kama nusu kilo na vijiko kumi vya chumvi. Kamulia ndimu upate ladha. Kosa linalojirudia ni kilima cha kijiko. Anayepima kwa haraka hutia chumvi mara mbili bila kujua, wachezaji wanaonja, wanatema, halafu wanakaa na kiu mechi nzima kwa sababu hawataki kusema. Aonje mtu mzima kwanza. Kikiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya. Madafu tunayapenda na yanafaa, ila yana potasiamu nyingi na chumvi kidogo, ilhali jasho hutoka na chumvi. Bana chumvi kidogo kwa vidole, tia ndani ya dafu, tikisa. Kila chupa iandikwe namba ya jezi kwa kalamu isiyofutika. Chupa ikizungushwa mdomo kwa mdomo, mafua ya mtu mmoja leo huwa mafua ya chumba kizima kesho kutwa.

Kanuni za mchezo zinaruhusu mapumziko ya kupoza mwili ya sekunde 90 hadi dakika tatu, na mapumziko ya maji yasiyozidi dakika moja. Hizo ni dakika za kazi, si za hotuba. Mkufunzi akizitumia zote kuchora mishale ubaoni, wachezaji husahau kunywa. Sisi hugawana: taulo zilizokaa kwenye maji ya barafu huwekwa shingoni na kwenye mapaja kwanza, chupa mkononi, ndipo mkufunzi azungumze. Na mchezaji akianza kuyumba, kujibu maswali ovyo, au kuuliza mechi ni ya ngapi, huyo si mchovu tena. Mpoze hapo hapo kwa maji baridi mengi mwili mzima kabla ya kumkimbiza hospitalini. Gari lije wakati anapozwa. Kumpakia kwanza ukitarajia atapozwa mbele ya safari ni kosa linaloua.

Baada ya kipenga cha mwisho, nusu saa ya kwanza ina thamani kubwa. Hapo misuli iko tayari kurejesha sukari iliyoungua. Lengo ni gramu moja ya wanga kwa kila kilo ya mwili kwa saa, kwa saa nne za mwanzo. Kwa yule beki wetu ni gramu 55 kila saa. Ndizi moja iliyoiva na tende ndogo tano au sita hufikia hapo. Ongeza nusu lita ya maziwa ya kunywa au maziwa lala, upate protini ya kukaribia gramu 17. Vitu hivi huwekwa kwenye mifuko yenye namba asubuhi ya mechi, vikaletwa uwanjani. Ukisubiri mfike hotelini, foleni ya magari Changamwe peke yake itakula saa yako ya kwanza.

Kisha barafu. Pipa la plastiki la lita 200 hujazwa nusu, na mchezaji husimama ndani maji yamfike mapajani. Maji ya tangi Mombasa hukaribia nyuzi 28. Ili kuyashusha hadi 15 unahitaji kama kilo 14 za barafu kwa lita 100. Tumeona mapipa yakitiwa vipande vitatu vya barafu ya friji, mchezaji akaambiwa amepozwa. Hajapozwa, ameloweshwa. Tumia kipimajoto cha maji, bei yake ni ndogo. Kati ya nyuzi 10 na 15, dakika 10 hadi 12 zatosha. Barafu ya wauza samaki inapatikana kwa wingi na kwa bei nafuu, lakini ni ya miguu tu, isikaribie chupa za kunywa. Mwenye mchubuko wazi haingii pipani, na michubuko haikosekani kwenye viwanja vyetu vya mchanga na changarawe. Yeye husafishwa kwa maji na sabuni, hufungwa, na hupewa taulo baridi. Waliocheza dakika 90 ndio wa kwanza; maji yakishakuwa ya rangi ya mchanga, badilisha.

Chakula cha usiku kina mtihani wake, na mtihani huo ni mapenzi ya watu. Timu ikiwa Mombasa, jamaa na wafadhili huleta biriani, viazi karai, samaki wa kupaka na mahamri ya moto. Usiikatae mikono inayotoa. Chakula hicho kina siku yake, usiku wa baada ya mechi ya mwisho. Mafuta na tui zito hukaa tumboni muda mrefu, na mchezaji hulala amejaa huku misuli ina njaa. Wali mweupe, viazi vya kuchemsha, ugali, maharagwe, kuku wa kuchemsha au samaki wa kuchoma, matunda. Siku ya mechi, mlo mkubwa uwe saa tatu au nne kabla: mechi ikiwa saa kumi alasiri, wawe wamekula saa sita hadi saa saba. Na maji katika saa hizo nne kabla ya mechi, mililita 5 hadi 7 kwa kila kilo. Kwa kilo 55 ni glasi moja kubwa au moja na nusu ndogo, si chupa tatu kama wengine wanavyolazimishwa.

Hapa tuna ugomvi mmoja na desturi ya kwetu: chai. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma kutoka kwenye maharagwe, mchicha na mbaazi. Mwanamke hupoteza chuma kila mwezi kwa hedhi, na mchezaji huongeza upotevu huo kwa mbio na jasho. Mwenye upungufu wa chuma haonekani mgonjwa. Anaonekana mvivu. Anakemewa, anatolewa kikosini, na kumbe angepimwa damu wiki sita kabla ya kambi angeanza kutibiwa mapema. Chai ingoje saa moja baada ya kula. Mezani iwekwe ndimu, chungwa au embe, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma kuingia. Maini na dagaa ni bora kuliko majani yote. Ila asimeze vidonge vya chuma kwa kukisia, apimwe kwanza.

Hedhi yenyewe lazima iwe kwenye mpango wa timu kama ilivyo ratiba ya mechi. Ndani ya siku kumi, katika kikosi cha watu 20, karibu nusu yao watakuwa kwenye siku zao wakati fulani. Mhudumu mmoja wa kike, anayeaminiwa, aweke kumbukumbu kwa alama anazozijua yeye na mchezaji tu; si karatasi ya kubandikwa ukutani. Sanduku la jezi libebe sodo za ukubwa mbili, chupi za akiba, mifuko ya kutupia, na bukta ya akiba yenye namba ile ile kwa kila mchezaji. Mapumziko ya kati hayazidi dakika 15. Ukichukua jezi kwa kuhesabu wachezaji tu, bukta moja moja, msichana atacheza kipindi cha pili akivuta shati chini kila baada ya mpira wa kona, na hilo hulioni kwenye takwimu yoyote. Bukta nyeupe tunazipinga waziwazi. Uingereza waliziacha 2023 baada ya wachezaji wao wenyewe kusema. Sidiria ya michezo nayo ni kifaa, si anasa. Ipimwe kwa kila mtu, isiwe ya saizi moja kwa wote.

Mwamuzi naye ana lake. Kanuni ya nne ya mchezo, ile ya mavazi na vifaa, hairuhusu pambo lolote, na kulifunika kwa plasta hakukubaliwi. Wasichana wa Pwani wana kipini puani, hereni, ushanga kiunoni, bangili ya bibi isiyovuliwa tangu utotoni. Kipini kilichotobolewa wiki mbili zilizopita kikitolewa dakika tano kabla ya kuingia, pua huvimba na tundu huziba, na mchezaji anaingia uwanjani akilia. Semeni nao mwezi mzima kabla. Ushanga ukatwe kwa hiari yake nyumbani, mbele ya mama au shangazi, si na mgeni kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Hina haina shida. Hijabu imeruhusiwa kimataifa tangu 2014: iwe nyeusi au ya rangi kuu ya jezi, isishonwe kwenye jezi, isiwe na pini wala ncha inayoning'inia. Chukua mbili kwa kila anayevaa, maana iliyolowa jasho huwa nzito na huteleza machoni. Nguo ya ndani ya kubana inayofunika mapaja ifanane na rangi ya bukta, na timu nzima ivae rangi moja. Tepu juu ya soksi pia, rangi ya soksi.

Sasa goti, ambalo ndilo linalotunyima usingizi. Kano ya mbele ya ndani ya goti hukatika kwa wanawake mara kadhaa zaidi kuliko kwa wanaume, na mara nyingi hakuna aliyemgusa. Ametua, au amegeuka ghafla, goti limeingia ndani, kishindo kimesikika. Hapa kwetu kuna sababu ya ziada. Wengi hufanya mazoezi mwaka mzima kwenye mchanga, ambao huachia mguu uteleze. Kisha hupelekwa kwenye nyasi bandia, ambazo hushika njumu na hazitoi nafasi. Mwili unageuka, mguu umebaki. Njumu zenye meno marefu bapa, zilizotengenezwa kwa nyasi asilia laini, ndizo mbaya zaidi hapo. Tafuta zenye meno mafupi mengi ya duara. Na viatu vipya visianzwe kuvaliwa siku ya mechi ya kwanza. Malengelenge ya kisigino hubadilisha mwendo, mwendo hubadilisha mzigo wa goti.

Kinga iliyothibitika ni ule utaratibu wa kupasha mwili moto wa FIFA, uitwao 11+. Ni dakika 20: mbio nyepesi dakika 8, nguvu na mizani ya mwili dakika 10, mbio za kasi dakika 2. Ufanywe angalau mara mbili kwa wiki, miezi kabla ya mashindano. Ukiuanza kambini siku nne kabla ya safari, zoezi la kuinamisha mwili mbele ukiwa umepiga magoti litawaachia maumivu nyuma ya mapaja na ndio kwanza umeharibu. Wakati wa kuruka na kutua, mtazame mchezaji kwa mbele, si kwa ubavu. Magoti yaelekee vidole vya miguu. Yakikaribiana, mwambie pale pale, mara kumi, mara mia.

Siku ya kati, ile ya kupumua, kuna kosa ambalo hata timu kubwa hulifanya: kumpumzisha kila mtu. Waliocheza dakika 60 na zaidi wafanye dakika 20 za kutembea, kunyoosha viungo, au kuingia baharini hadi kiunoni kama timu iko karibu na pwani salama. Lakini waliokaa benchi wapewe mazoezi kamili, yenye kasi ya mechi. Usipofanya hivyo, ikifika nusu fainali una watu kumi na mmoja waliochoka na tisa wasio na pumzi. Weka daftari la dakika. Aliyecheza dakika 270 katika mechi tatu, ukurasa wake uwe mbele ya mkufunzi anapopanga kikosi. Mabadiliko ni matano, ndani ya nafasi tatu, na ya mapumziko haihesabiwi. Mechi ikiwa imeshaamuliwa dakika ya 55, zitumie. Wanaoning'inia kwenye kadi ya njano wajulikane pia, na kanuni ya timu zinazolingana pointi isomwe kabla ya kuondoka: kama huangaliwa kwanza mechi baina yao au tofauti ya magoli, mchezo wa dakika za mwisho hubadilika kabisa.

Makaratasi tunayataja kwa ufupi tu. Chanjo ya homa ya manjano huhesabiwa siku 10 baada ya sindano, na kadi yake hudumu maisha. Majina ya Pwani huandikwa kila ofisi kwa namna yake: Mwanahamisi hapa, Mwanahamis pale, jina la babu limerukwa kwenye pasipoti. Linganisha cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, pasipoti na orodha ya usajili, herufi kwa herufi, ukiwa bado na wiki sita za kurekebisha.

Jambo moja wengi huona haya kulisema. Muguka na miraa zina kathini, na kathini ikizidi kiwango kilichowekwa siku ya mechi ni dawa iliyokatazwa michezoni. Mchezaji anayetafuna ili asilale safarini anaweza kupoteza miaka ya kucheza. Dawa za mafua za dukani nazo zipite kwa daktari wa timu kwanza. Waelezeni bila kuwatisha na bila kuwaaibisha, na mseme mapema.

Asubuhi ya mechi inayofuata hatuulizi "unajisikiaje," kwa sababu wote watajibu kwamba wako sawa. Hakuna msichana anayetaka kuachwa nje ya mechi ya taifa lake. Tunampandisha kwenye mizani na kulinganisha na uzito wa kabla ya mechi iliyopita. Akiwa bado chini kwa kilo moja, deni la maji halijalipwa. Tunamuuliza rangi ya mkojo. Ukiwa kama chai ya rangi, chupa nyingine kabla ya saa tano. Kisha anasimama kwa mguu mmoja juu ya ngazi ya chini kabisa, anaruka, anatua kwa mguu ule ule, anatulia kwa hesabu ya tatu. Mara tatu kila mguu. Goti likiingia ndani mara mbili kati ya tatu, jina lake linaandikwa kwenye benchi, na anayeliandika ampelekee mwenyewe habari hiyo kabla orodha haijasomwa mbele ya wenzake.